Huyu 'msaidizi' ni msaidizi wa nani?

Msimu wa Oscar ukifika, mashabiki wa filamu za muziki huanza kupiga hesabu mapema: nani atabeba tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike? Wana haki, maana hapo ndipo filamu hizi huvuna. Rita Moreno alishinda mwaka 1962 kwa West Side Story. Catherine Zeta-Jones akashinda 2003 kwa Chicago, Jennifer Hudson 2007 kwa Dreamgirls, Anne Hathaway 2013 kwa Les Misérables, Ariana DeBose 2022 kwa kuigiza Anita yule yule wa Moreno, na Zoe Saldaña 2025 kwa Emilia Pérez.

Orodha tamu, sivyo? Sasa hebu ikague vizuri.

Effie, mhusika aliyempa Hudson tuzo, si msaidizi wa mtu. Dreamgirls ilipokuwa jukwaani Broadway, Jennifer Holliday alimwigiza na kushinda Tony ya mwigizaji mkuu mwaka 1982. Velma wa Zeta-Jones ni vivyo hivyo: Bebe Neuwirth alipata Tony ya mwigizaji mkuu 1997. Na Glinda wa Wicked? Mwaka 2004 Kristin Chenoweth aliteuliwa kama mkuu, bega kwa bega na Idina Menzel. Filamu ilipokuja, Cynthia Erivo akaingia Oscar kama mkuu, Ariana Grande kama msaidizi.

Mhusika ni yule yule. Kilichobadilika ni hesabu za studio. Ukiwa na nyota wawili kwenye filamu moja, hutaki wagawane kura. Kwa hivyo mmoja anasogezwa kando, kule njia inakoonekana nyepesi.

Hatusemi Hudson au Grande hawana kipaji. Wanacho, tena cha kumwaga. Shida ni yule anayeumia. Fantine wa Hathaway hufa mapema, lakini wimbo mmoja alioimba laivu mbele ya kamera ulitosha kumweka kila mtu kimya. Kazi kama hiyo ndiyo tuzo hii iliwekewa. Mwigizaji mwenye dakika chache atashindana vipi na mtu aliye kwenye skrini karibu filamu nzima?

Msijifiche nyuma ya studio, wapigakura. Kanuni za Oscar zinawaachia nyinyi uamuzi wa nani mkuu na nani msaidizi. Kate Winslet alipigiwa debe kama msaidizi kwa The Reader, mkakataa, mkamteua kama mkuu na akashinda mwaka 2009. Kumbe inawezekana!

Jambo hili linatuhusu hata sisi huku Kenya. Lupita Nyong'o alijulikana duniani kupitia tuzo hii hii mwaka 2014, kwa filamu yake ya kwanza kubwa. Kwa mwigizaji chipukizi, nafasi ndogo huwa ndiyo mlango pekee ulio wazi. Nyota wakubwa wakianza kupitia mlango huo huo, wadogo watabaki nje wakipiga hodi.

Kwa hivyo msimu ujao, kabla hujaanza kubishana na mabeshte nani atashinda, uliza kwanza: huyu ni msaidizi kweli, au amepewa jina tu?