SAFARI NA MAFUNZO: Maji Moto na Maji Baridi ya Hell's Gate

Wazee wetu walisema kwamba maji moto hayachomi nyumba. Wiki hii napenda kuwaeleza wasomaji habari za mahali ambapo kila mgeni huyaogopa maji moto, ilhali maji yaliyoua watu huko ni yale ya baridi.

Mahali hapo ni Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na ziwa la Naivasha, katika Bonde la Ufa. Eneo lake ni kilomita za mraba 68 hivi, nayo ilifanywa hifadhi mwaka 1984. Humo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, na punda milia na twiga wakila majani kando ya njia. Karibu na lango husimama nguzo ya mwamba iitwayo Fischer's Tower, kwa jina la Mjerumani Gustav Fischer aliyefika pande hizo mwaka 1883. Mbele zaidi liko korongo la Ol Njorowa, lililochimbwa na maji zamani sana, wakati ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo.

Ndani ya korongo hilo maji moto huchuruzika kutoka katika kuta za mawe, na mengine yaweza kuchoma mkono wa mtu. Sababu yake si uchawi. Maji ya mvua hupenya chini ya ardhi mpaka penye mawe yenye joto kali la volkano, kisha hupanda tena kwa kupitia nyufa. Joto hilohilo hutumiwa jirani, huko Olkaria. Katika miaka ya 1950 visima viwili vilichimbwa kutafuta mvuke, lakini havikufaulu. Kazi ikaanzwa tena baadaye, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kutoa umeme. Hivyo mtu anayesoma usiku kwa taa ya umeme mjini Nairobi huenda anasaidiwa na joto hilo bila kujua.

Sasa nawaomba wasomaji wasikilize kwa makini. Mwezi wa Aprili 2012 mafuriko ya ghafula yaliwakuta vijana wa kanisa waliokuwa wakitembea korongoni, na saba wakafa. Mwezi wa Septemba 2019 watu saba wengine wakafa vivyo hivyo, na korongo likafungwa.

Je, maji hayo hutoka wapi? Mkulima aliyeona mvua ikishuka katika shamba lisilo na matuta atafahamu upesi. Mvua hunyesha vilimani, mbali na korongo. Ardhi ikishindwa kuinywa yote, maji hukimbilia mahali palipo chini, nayo yakiingia katika njia nyembamba ya mawe hayana pa kutawanyika, bali hupanda juu na kwenda kwa nguvu nyingi. Walio ndani huenda wanaona mbingu nyeupe juu ya vichwa vyao, na kuta ni ndefu, haziparamiki upesi. Dakika chache zatosha kuleta msiba.

Kwa hiyo, yeyote apelekaye watoto wa shule, wanakwaya au jamaa zake, hana budi kufanya mambo matatu. Kwanza, aulize langoni kama korongo li wazi siku hiyo, wala asitegemee habari za mtu aliyekwenda mwaka jana. Pili, asishuke bila kiongozi ajuaye mahali pa kupandia. Tatu, atazame vilima vya mbali. Akiona wingu zito huko, hata kama pale aliposimama jua linawaka, awazuie watu wake juu.

Najua ni vigumu kuwaambia watu waliochanga nauli kwa miezi kadha kwamba hawatashuka. Wengine watanung'unika, na mkubwa wa msafara ataitwa mwoga. Na avumilie. Nguzo ya Fischer, wanyama, na moshi mweupe wa mvuke wa Olkaria vyote huonekana bila kushuka, na wale wanaonung'unika watafika kwao jioni ile wakiwa kamili kwa hesabu.