Nani Katunga Ngoma ya Asili?

Katika sherehe zetu za kiserikali kuna maneno ambayo mshereheshaji haachi kuyasema, awe Bariadi au awe Wete: "Na sasa tupate burudani kutoka kikundi cha ngoma ya asili." Baada ya hapo hutajwa jina la kikundi, pengine na kata kinakotoka. Wachezaji huingia uwanjani, hucheza dakika tano, hupigiwa makofi, na mgeni rasmi huinuka akawatunza noti mbili tatu. Jina la aliyeutunga wimbo halitajwi. Halitajwi kwa sababu msemaji na msikilizaji wamekwishakubaliana, bila ya kuulizana, kwamba kitu cha asili hakina mwenyewe; kimeota tu, kama ukoka.

Mimi nasema kwamba hapo ndipo unapoanzia unyonge wa watunzi wetu, na kwamba mpango wowote wa kuwainua usioanza na jambo hilo ni sawa na kumpaka mgonjwa dawa juu ya nguo.

Nachukua mfano wa Usukuma wa mashariki, nchi ya Wantuzu, ambayo tangu 2012 imo katika Mkoa wa Simiyu wenye makao yake Bariadi. Huenda msomaji wa visiwani akauona mfano huu u mbali naye. Lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijaribu, kwa msaada wa wenye lugha yao, kuzitia nyimbo za Kisukuma katika Kiswahili, na kila niushikapo wimbo huuliza kwanza ni wa nani. Wenyewe hawajapata kushindwa kunijibu. Hunitajia jina, kijiji, upande aliokuwa akiuchezea, na aghalabu mtu aliyekuwa akirushiwa vijembe katika beti hizo. Asiyejua mwenye wimbo ni yule tu aliyeshika kipaza sauti.

Wasukuma wamegawika katika vyama viwili vikubwa vya ngoma, Wagika na Wagalu, vinavyonasibishwa na waganga wawili mahasimu wa zamani, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia, kati ya Juni na Agosti, vikundi vya pande hizo hukutana kushindana. Wala hawapokezani. Hucheza kwa wakati mmoja, katika uwanja mmoja, kila kikundi na upande wake, na hakimu ni miguu ya watazamaji: umati humkimbilia huyu, ukachoka naye, ukamhamia yule, na mwenye watu wengi mwisho wa mchezo ndiye mshindi. Kiongozi wa kikundi huitwa ningi. Yeye ndiye mtunzi, ndiye mwimbishaji, na ndiye anayepanga lini ngoma ipande na lini inyamaze ili neno lisikike. Wimbo wa mwaka jana haumwokoi. Lazima aje na mpya, wenye habari za mwaka huu, uliofungwa kwa mafumbo kiasi cha kumfanya mtazamaji asite asihame mpaka alifumbue.

Na ningi hazaliwi ningi. Kijana huanza kwa kuitikia nyuma ya mkubwa wake, akabeba ngoma, akaachiwa ubeti mmoja, kisha wimbo mzima, hata siku akajitenga na kuwa na kikundi chake. Hiyo ni skuli ya utunzi yenye umri mkubwa kuliko wizara yoyote ya utamaduni. Kilichopungua ni riziki ya mwalimu na ya mwanafunzi. Siku hizi kijana huyo anaacha kuitikia kwa kuwa kuitikia hakulishi, anakwenda Mwanza kuendesha bodaboda, na sisi tunaandika ripoti kwamba vijana hawapendi utamaduni wao.

Wenzetu Ulaya mtu wa namna hii wangemwita mtunzi chipukizi wa muziki wa klasiki wa kisasa, maana muziki huo ndio wasiotarajia soko liulee. Tuangalie wanavyomlea. London Symphony Orchestra ina mpango ulioanzishwa 2005 kwa jina la Andrzej Panufnik, mtunzi wa Kipolandi aliyekimbilia Uingereza mwaka 1954. Ulipangwa kuchukua watunzi sita kwa mwaka. Kila mmoja hupewa muda wa kuandika kipande kifupi cha dakika chache, hupewa mtunzi aliyekomaa wa kumwongoza, na mwisho wake okestra nzima hukaa ikakifanyia mazoezi kipande chake naye yupo, akasikia kwa masikio yake wapi pamekaa na wapi pameporomoka. Hayo ni mambo matatu: muda, mwongozi, na kundi la wapigaji walio tayari kuipiga kazi ambayo bado haijulikani kama ni nzuri. Mwongozi na kundi, ningi wa Itilima anavyo kwa mila yake. Muda ndio asiokuwa nao, kwani muda hununuliwa kwa fedha.

Sasa fedha zetu zinatokaje? Mwaka 1998 Bara ilianzishiwa Mfuko wa Utamaduni, uliosaidiwa na Waswidi, nao ulikuwa ukitoa ruzuku. Ukaja ukalala. Ulipoamshwa miaka ya karibuni kwa jina la Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ukajulikana zaidi kwa mikopo. Nawaelewa waliofikiri hivyo: mkopo hurudi, ukamfaa mwengine. Kwa mwenye studio, kwa mshona mavazi, kwa msanii wa bongo fleva ambaye wimbo wake wa leo unaweza kulipwa kesho, mkopo ni kitu chema na sina neno nao. Lakini mtu anayetunga wimbo utakaoimbwa na watu arubaini mara moja kwa mwaka, katika uwanja usio na tiketi, atarejesha kwa kitu gani? Atauza ng'ombe. Basi tuseme wazi kwamba tunamkopesha ng'ombe wake mwenyewe, tukaita kukuza sanaa.

Yuko mtunzi wa pili, naye hapewi hata hilo jina la asili. Huyu ni mwalimu wa kwaya. Mchana anasomesha skuli ya msingi au anapima pamba katika chama cha wakulima. Jioni ana karatasi iliyojaa herufi za solfa, amezipanga safu nne, soprano, alto, teno na besi, na kibao cha kinanda kimoja cha parokia ambacho hakipati ila padri akiwa na hisani. Wimbo wake ukipendwa hurudufiwa kutoka parokia hii hadi ile, ukavuka jimbo, ukafika Dar es Salaam na Nairobi kabla mwenyewe hajapata nauli ya kwenda kuusikia. Huko kwaya nyengine ikaurekodi. Jina lake, akiwa na bahati, litabaki pembeni mwa karatasi, limefifia kwa kurudufiwa mara nyingi.

Atakayemdharau mtu huyu akumbuke anasimama kwa heshima ya nani kila upigwapo wimbo wa taifa. Mahadhi ya "Mungu Ibariki Afrika" yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa skuli ya misheni karibu na Johannesburg, mwalimu wa kwaya, aliyeandika kwa herufi hizo hizo za solfa. Alifariki 1905 hajatimiza miaka arubaini. Mahali alipozikwa pakasahaulika, hata miaka ya 1990 ikabidi watu waende makaburini kupatafuta, na mnara ukawekwa 1996. Nchi kadhaa ziliyachukua mahadhi yake zikajifanyia nyimbo za uhuru, naye wakati huo wote hana hata jiwe la kumwonesha alipolala.

Kuna watakaonijibu kwa sheria. Nami nawajibu kwa sheria hiyo hiyo, maana haina kosa katika hili. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania Bara ya 1999 (sisi Zanzibar tunayo yetu ya 2003) inampa mtunzi haki yake kwa kule kutunga tu. Lakini ina sehemu nyengine inayohusu sanaa za jadi zilizolelewa na jamii kizazi hata kizazi, na hizo kibali chake cha matumizi ya biashara hutoka Baraza la Sanaa la Taifa. Mambo mawili, milango miwili. Wimbo aliotunga ningi wa Dutwa msimu uliopita ni wa mlango wa kwanza. Mshereheshaji akishautia jina la asili, na mtangazaji akaurudia, na mwenye kanda akauandika hivyo hivyo juu ya jalada, umesukumwa mlango wa pili, na aliyeutunga amegeuka kuwa "jamii". Jamii hiyo haijapata kumpelekea kilo ya unga.

Anayetaka kuyaona majina ya watunzi wa Kisukuma yameandikwa kwa heshima, nyimbo zaidi ya mia tatu pamoja na maelezo yake, aagize kitabu cha Mmarekani Frank Gunderson kilichochapwa Leiden mwaka 2010. Ni kazi ya mtu aliyesikiliza, na sina ila ya kumshukuru. Kwa bei yake lakini, mwalimu wa Maswa hatakinunua. Makumbusho ya Bujora, aliyoyaasisi Padre David Clement kutoka Kanada na kufunguliwa 1968, nayo yametenda mengi, na Bulabo yake ya kila Juni bado inakusanya Wagika na Wagalu. Ila Bujora ipo upande wa Mwanza, na hata Bulabo ni siku za kushindana. Mtu hufika hapo na wimbo aliokwisha kuutunga kwa gharama yake.

Nasi visiwani tusijigambe. Chuo chetu cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa 2002, ambacho kimewasomesha watoto wa Unguja kanuni, udi na fidla hata wakatunga vyao, kilifikia mwaka 2019 kusema hadharani kwamba huenda kikafunga milango, kwa kuwa wafadhili wa nje wameondoka. Bahati ndiyo iliyokistahi. Bariadi haikupata hata chuo cha kukosa wafadhili.

Litaulizwa, kama ilivyo desturi, iwapo ni haki kulipia nyimbo ilhali zahanati hazina dawa. Swali hilo lingekuwa zito lau sherehe zingekuwa hazigharimiwi. Zinagharimiwa. Maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika Nyakabindi, hapo hapo Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020. Katika shughuli yoyote ya ukubwa huo hulipwa mwenye hema, mwenye viti, mwenye spika, mwenye fulana, na mpishi. Wala hakuna anayeuliza habari za zahanati. Swali huamka pale tu afikapo aliyetunga wimbo.

Mkoa wa Simiyu una halmashauri sita. Naomba kila moja iagize tungo mbili mpya kwa mwaka, moja kwa ningi na moja kwa mwalimu wa kwaya. Jumla kumi na mbili. Ziagizwe kwa barua yenye jina la mtunzi, si la kikundi. Nusu ya ujira itangulie, ili mtu aweze kukaa miezi miwili bila ya kuuza kitu, na nusu itolewe kazi ikishasikika hadharani. Alipwe na mwandishi, kijana anayejua Kisukuma na solfa, wa kuziandika beti na mahadhi. Nakala moja ibaki kwa mtunzi, moja kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya, moja iende kusajiliwa hakimiliki kwa gharama ya aliyeagiza. Mwitikiaji mmoja wa kila ningi naye apewe posho, kwa sharti la kutoondoka msimu mzima. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na wakati huo ngoma za Usukuma zimekwishaingia uwanjani. Kwa hiyo fungu hili liandikwe mapema, katika vikao vya bajeti vya mwanzo wa mwaka, pamba ikiwa bado shambani.