AFYA KATIKA JAMAA: Homa ya mtoto wa SS haingoje asubuhi



Mwezi huu nina neno la kuungama mbele yenu. Usiku mmoja, yapata saa tano, mama mmoja wa kanisa letu aligonga mlango wangu. "Pasta, kuya utuombee, mutoto anatetemeka!" Mume wake alikuwa kazi ya usiku kwenye machimbo. Nikaenda. Nikakuta kijana wa miaka 4 chini ya blanketi mbili, meno yanagongana, mwili kama moto.

Nilijua vizuri kwamba mtoto yule ni SS. Nilifanya nini? Nikapiga magoti. Mama akauliza mara mbili: "Pasta, tusiende ku hospitali?" Nikamujibu: "Ni malaria tu, mama, dawa alishakunywa. Tungojee kuche." Tukaomba mpaka jogoo akawika. Kulipokucha, munganga akatazama viganja vya mtoto, vilikuwa vyeupe. Akamtia damu na dawa za mshipa. Siku tisa tulikuwa pale. Mtoto akapona, Mungu asifiwe. Lakini munganga aliniita pembeni, akasema: "Pasta, mara ingine muombe mukiwa njiani."

Mwaka uliofuata nilizika mtoto mwingine wa SS, wa mtaa uleule. Homa ilimshika jioni, akafa mbele ya saa sita za mchana. Baba yake aliniambia kwa unyenyekevu: "Hata pasta alingoja asubuhi." Ndugu, neno lile sijalisahau.

Sasa sikilizeni sababu. Kwa mtu wa SS, chembe nyekundu za damu zinapinduka umbo, zinakuwa kama mundu wa kukatia majani. Zinakwama katika mishipa midogo na kuziba njia ya damu. Ndiyo maumivu makali ya mifupa mnayoyajua. Lakini kuna kiungo kimoja kinachoumia kimyakimya: wengu, iliyo upande wa kushoto chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu na kukamata vijidudu. Kwa watoto wengi wa SS inaharibika katika miaka ya kwanza ya maisha. Nyumba imebaki bila mlinzi. Basi kijidudu kama pneumokoki kikiingia katika damu, kinaweza kuua kwa masaa machache tu.

Wengine wanasema: "Watu wa SS hawaogope malaria." Hapana! Anayelindwa kidogo na malaria kali ni yule wa AS, aliyepokea S kwa mzazi mmoja tu. Mtoto wa SS, malaria inamumaliza damu upesi sana. Na kwa macho, wewe na mimi hatuwezi kujua kama kutetemeka kule ni malaria ama ni vijidudu katika damu. Pengine ni vyote viwili. Ni lazima damu ipimwe, na munganga aanze dawa bila kukawia.

Basi mtoto wa SS akiwa na homa, ufanye hivi:

1. Kama kipimo kinaonyesha 38.5 ama kupita, uende hospitali saa ile ile, hata usiku. Kama huna kipimo na mwili unawaka ama anatetemeka, uende vilevile.

2. Umpe maji ya kunywa mengi, na parasetamoli kwa kadiri ya kilo zake. Usimpe aspirini. Na homa ikishuka, usirudi nyumbani! Dawa ile inashusha moto, haiui kijidudu.

3. Usimuogeshe maji baridi. Baridi inaweza kuamsha maumivu. Na usimfanyie lavema ya majani. Inamumaliza maji mwilini.

4. Kama tumbo limevimba upande wa kushoto, viganja na ulimi vimekuwa vyeupe, anapumua kwa shida, ama mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, usingoje hata dakika moja.

5. Ukifika, useme neno la kwanza: "Mutoto wangu ni SS." Usingoje uulizwe.

Na mbele ya homa kufika? Mtoto mdogo anapewa penisilini kila siku mpaka miaka 5, anapata chanjo zote, na analala ndani ya moskitero. Muulize munganga pia juu ya dawa inayoitwa hidroksiurea. Uchunguzi uliotangazwa mwisho wa 2018 ulifuata watoto mia sita na zaidi katika Angola, Uganda, Kenya na hapa Congo, kule Kinshasa. Waliokunywa dawa ile walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo.

Vijana, neno lenu ni hili: mpimwe damu mbele ya kupanga ndoa. AS na AS wakioana, kwa kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto wa SS. Baba na mama wote wawili wameleta. Kwa hiyo msimsingizie bibi mzee kuwa mulozi, na msimwite mtoto ndoki. Ni damu, si ulozi.

Mnakumbuka yule Msamaria. Alipomkuta mtu amelala njiani na vidonda, alimfunga, akampandisha juu ya punda wake, akamfikisha mahali pa kuuguzwa, akalipa. Sala yake ilikuwa na miguu. Kwetu, punda ni kinga ama pikipiki ya jirani. Tangu mwaka ule, kanisa letu lina sanduku dogo la feza kwa safari za usiku, na wababa wawili wenye pikipiki wanajulikana na mama wote wa SS.

Ukinigongea mlango usiku, nitaomba pamoja nawe. Lakini tutaomba njiani.

Mungu alinde watoto wenu.

Pasta wenu