Ati Kriketi Haituhusu!

Waandishi wenzangu wa Pemba, huu usemi wa "kriketi ya Wahindi hiyo" umenichosha! Aasif Karim ni mtoto wa Mombasa, pwani hii hii. Baada ya Kombe la Dunia la 1999 alikwisha kustaafu. Akaja akaitwa tena na miaka yake 39. Machi 15, 2003, mjini Durban, aliwarushia Australia, mabingwa wa dunia, mipira 50. Wakaambulia mikimbio 7 tu, naye akawatoa watatu, Ponting mmojawao. Kenya ilifungwa, lakini mchezaji bora wa siku ndo yeye. Mnataka hadithi gani tena? Barazani Chake tunamsimulia Maradona usiku kucha, na Argentina hakuna aliyeitia mguu. Karim je, kosa lake asili ya babu zake?