Shujaa anapochoka kuvumilia, mwananchi ndiye hulipa

Kuna usemi unaosikika kila siku kwa matatu, kwa kinyozi na kwenye magrupu ya WhatsApp: "Hii nchi inataka mtu mmoja mkali tu, anyooshe kila kitu." Tumeusikia. Na tuseme ukweli, wengi wetu tumeusema pia, hasa siku ile simu imeporwa Tom Mboya na kijana aliyeipora akaonekana mtaani kesho yake akitembea kifua mbele.

Leo tunauweka usemi huo kwenye mizani. Wazee watatucheka, kwa sababu mizani yenyewe ni vibonzo.

Mwaka 2003, msururu wa Justice League ulitoa hadithi ya sehemu mbili inayoitwa "A Better World", yaani dunia bora zaidi. Wengi wetu tuliipata miaka mingi baadaye, kwa sidii za hamsini bob au kwa simu. Inaanzia katika dunia nyingine inayofanana na ile tuliyoizoea. Huko Lex Luthor ndiye Rais wa Marekani, Flash ameshauawa, na vita vikubwa viko mlangoni. Superman anaingia ofisini mwa rais, wanajibizana, kisha anafanya kile ambacho hajawahi kufanya: anamuua Luthor kwa miale ya macho yake.

Ukiwa umekaa kwa kochi, unapiga makofi. Luthor si alijitakia?

Miaka miwili baadaye, mashujaa hao wamebadilisha mavazi na jina. Sasa ni Justice Lords, mabwana wa haki, na dunia yote iko chini yao. Uhalifu umeisha. Joker yupo Arkham, mpole kama mwanakwaya, ana alama mbili za kuungua kwenye paji la uso. Superman amemchoma sehemu ya ubongo. Wanafunzi wa chuo wakiandamana, Green Lantern na Hawkgirl ndio wanaofika kuwatawanya.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho, halafu utuambie kama ni vibonzo vya watoto.

Uzuri wa hadithi hii ni kwamba hawa mabwana hawakuzaliwa wabaya. Hakuna aliyewaroga. Walimpoteza rafiki, wakachoka kumkamata mtu yule yule kila mara, wakaamua kwamba safari hii watamaliza kazi. Uchungu wao ni wa kweli, na ni uchungu tunaoujua. Tofauti kati yao na mashujaa wetu ni uamuzi wa dakika moja, kisha uamuzi mwingine, kisha mwingine, mpaka wakasahau walikoanzia.

Mabwana hao wanagundua dunia ya pili, ile ya mashujaa tunaowajua, na wanataka kuinyoosha pia. Hapo ndipo Batman anakutana na Batman. Yule wa giza anatoa hoja moja nzito: wamejenga dunia ambapo hakuna mtoto wa miaka minane atakayewapoteza wazazi kwa sababu ya jambazi mwenye bunduki. Batman wetu, ambaye hicho ndicho kidonda chake, anakosa jibu. Anakubali kwamba ameshindwa.

Jibu linakuja baadaye, wawili hao wakipita mjini kwa gari. Mtu mmoja analalamika kuhusu bili ya mkahawa. Polisi wanamchukua. Bili tu! Batman wetu anamtania mwenzake kwamba wazazi wao wangejivunia sana. Mwenzake ananyamaza, na muda si mrefu anabadilisha msimamo na kuwasaidia wafungwa aliowakamata mwenyewe.

Hoja yetu ni hiyo hiyo. Nguvu isiyoulizwa maswali haikomei kwa jambazi. Inaanza na Luthor ambaye hakuna anayemlilia, inaenda kwa Joker, inafika kwa mwanafunzi mwenye bango, inamalizia kwa mtu aliyelalamikia bei ya chakula. Na ikifika kwako, hakuna atakayebaki wa kukutetea, maana wote walishapiga makofi.

Kuna atakayesema: ni rahisi kuongea hivyo kama hujaporwa. Ni kweli. Kesi zinakokotwa, mashahidi wanatishwa, wenye pesa wanatoka. Hasira ya mtu wa mtaani si ujinga. Hata mashujaa wetu kwenye hadithi hii hawakutoka na mikono safi: ili kuwashinda mabwana hao, walilazimika kumwendea Luthor wa dunia yao na kumpa msamaha ili awasaidie. Njia ya sheria ina gharama, na wakati mwingine inauma.

Lakini mwaka 2005, katika Justice League Unlimited, mtihani ule ule ulirudi. Mashujaa walipigana na nakala zao wenyewe zilizovaa mavazi ya mabwana wale. Flash akatoweka, wote wakidhani amekufa. Luthor yuko chini, Superman yuko juu yake, na anatamani kummaliza. Anakiri hivyo. Kisha anamwacha. Uchungu ulikuwa ule ule, uamuzi ukawa tofauti.

Sisi hatuna miale machoni. Tuna vidole vya kuandika. Mshukiwa akipigwa risasi akiwa amelala chini na picha zikasambazwa, sisi ndio tunaoandika "safi sana, mmoja amepungua." Mwizi wa kuku akizungushiwa tairi, sisi ndio tunaorekodi video. Halafu tunashangaa nguvu hiyo hiyo ikitugeukia tukiwa barabarani na bendera.

Katiba ya 2010 inalinda uhai katika Kifungu cha 26, maandamano ya amani katika cha 37, na haki ya mshukiwa kusikizwa katika cha 50. Hauwezi kuchukua cha 37 ukatupa hivyo vingine viwili. Vinaanguka pamoja.

Kwa hivyo wiki hii, ukiona picha ya mwili kwa grupu na watu wanashangilia, uliza swali moja tu: alishtakiwa wapi? Watakuita mtetezi wa majambazi. Uliza tu.