Kesi Hupotea Kabla ya Kusikilizwa

Mahakama za shirikisho nchini Marekani hutajwa sana kwenye habari, lakini mashauri mengi ya madai yanayowagusa wananchi hayapo huko. Zaidi ya tisa katika kila kumi hufunguliwa kwenye mahakama za majimbo: kodi ya nyumba, madeni ya kadi za benki, talaka, mirathi, ajali za barabarani. Kwa kawaida mahakama ya shirikisho hupokea shauri linalotokana na sheria ya shirikisho, au lile ambalo wadaawa wake ni wa majimbo tofauti na madai yamezidi dola 75,000. Mpangaji wa Houston anayedaiwa kodi ya miezi miwili ataitwa na mahakama ya jimbo. Toleo hili linahusu mahakama hizo, na hoja yake ni moja: kwa mtu asiye na wakili, hatua ya kwanza ya shauri ina uzito kuliko zote zinazofuata, na ndipo kanuni zinapostahili kurekebishwa.

Kila jimbo lina kanuni zake za mwenendo. New York ilitangulia mwaka 1848 kwa sheria iliyoandaliwa na David Dudley Field, ikafuta utaratibu wa kale wa Kiingereza uliomlazimu mdai kuchagua aina mahususi ya dai, na akikosea shauri lake hufutwa. California ilifuata nyayo hizo, na sheria yake ya mwaka 1872, ikiwa na marekebisho mengi, ingali inatumika. Kanuni za shirikisho za mwaka 1938 nazo ziliigwa na majimbo mengi. Hata hivyo tofauti zimebaki, hasa katika namna ya kumwita mdaiwa na muda anaopewa kujibu.

Mdai huandaa hati ya madai, kisha mdaiwa hupelekewa nakala yake pamoja na samansi. Katika shauri la Mullane la mwaka 1950, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba taarifa lazima itolewe kwa njia inayotarajiwa kumfikia mhusika. Tangazo la gazetini halitoshi kwa mtu ambaye anwani yake inajulikana. Hiyo ndiyo sheria. Mitaani wamekuwepo wapeleka samansi walioapa kwamba wamekabidhi hati ambazo walizitupa, na mdaiwa akaja kujua ana kesi siku fedha zake zilipozuiwa benki.

Hata aliyekabidhiwa ana kazi ya kuhesabu. Katika mahakama za wilaya za Texas, majibu hutakiwa kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kuisha. Aliyepokea samansi Jumatano, siku zake 20 huishia Jumanne, hivyo mwisho wake ni Jumatatu ya wiki inayofuata. California hutoa siku 30 kwa madai ya kawaida, lakini mpangaji anayetakiwa kuondolewa kwenye nyumba alikuwa na siku tano tu za kazi hadi zilipoongezwa kuwa kumi mwaka 2025. Minnesota, shauri huanza samansi inapokabidhiwa, na mdai ana hadi mwaka mzima wa kulisajili mahakamani. Hati inaweza kufika bila namba ya kesi; mdaiwa akipiga simu mahakamani huambiwa hakuna shauri kama hilo, akadhani ni utapeli, kumbe siku zake 21 zinayoyoma.

Asiyejibu huhukumiwa bila kusikilizwa. Mdai hupata hukumu, kisha huikaza: huzuia akaunti ya benki au hukata mshahara, ambao kwa madeni ya kawaida sheria ya shirikisho hairuhusu ukatwe zaidi ya robo ya kinachobaki baada ya makato ya lazima. Hukumu hiyo yaweza kutenguliwa, lakini mlango ni mwembamba. California, anayedai alipitiwa au alighafilika kwa sababu ya msingi hana zaidi ya miezi sita. Aliyejibu ndiye anayefika kwenye hatua nyingine: kupeana nyaraka, kuhoji mashahidi kwa kiapo nje ya mahakama, maombi madogo na usuluhishi. Mashauri mengi humalizwa kwa maelewano kabla ya kusikilizwa.

Kanuni hizi zilitungwa kana kwamba kila upande una wakili. Tangu shauri la Gideon la mwaka 1963, mshtakiwa maskini wa kosa kubwa la jinai hupewa wakili kwa gharama ya serikali. Kwa madai hakuna haki kama hiyo kwa ujumla. Mwaka 2011, katika shauri la Turner, Mahakama ya Juu ilikataa kuifanya haki ya moja kwa moja hata kwa aliyekabiliwa na kifungo kwa kutolipa matunzo ya mtoto. Hata hivyo, Jiji la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 ya kuwapatia mawakili wapangaji wenye kipato kidogo wanaotakiwa kuondolewa.

Mawakili wa kutosha hawatapatikana leo wala kesho, lakini kanuni zinaweza kubadilishwa bila gharama kubwa. Samansi itaje tarehe kamili ya mwisho badala ya kumwachia mdaiwa hesabu. Shauri lisajiliwe kabla mdaiwa hajaitwa. Na hakimu asitoe hukumu dhidi ya aliyenyamaza kabla hajaona mkataba, hesabu ya deni na uthibitisho wa kuaminika kwamba samansi ilifika.