Paneli za Jua Zipimwe Kabla ya Kulipiwa

Wananchi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa thamani ya umeme. Wanaukumbuka mwezi wa giza wa mwaka 2008, na ile miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kisiwa kilikaa bila ya umeme wa kutoka Bara. Si ajabu basi kwamba umeme wa jua unatazamwa Visiwani kwa matumaini makubwa, na matumaini hayo ni ya haki. Lakini lipo swali ambalo halijapewa uzito unaostahiki: nani anayethibitisha kwamba paneli inayoshushwa bandarini ni nzima?

Mnunuzi wa nazi sokoni huitikisa karibu na sikio, akajua kama ina maji au imekauka. Paneli haitikisiki. Kioo chaweza kung'ara, fremu ikawa imenyooka na karatasi za kiwandani zikawa na mihuri yote, hali ndani yake mna kasoro.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa paneli za utando mwembamba. Katika aina hiyo, tabaka linalofyonza mwanga, liwe la kadmiamu na teluriamu, au la shaba, indiamu, galiamu na seleniamu, hupakwa kwa unene wa mikroni chache tu, ilhali unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Mtengenezaji huokoa malighafi nyingi, lakini chembe moja ya vumbi yatosha kuacha kitundu katika utando, na penye kitundu umeme huvuja.

Kwa bahati njema, wataalamu wamekwishapata njia ya kuziona kasoro hizo. Seli ya jua hupokea mwanga ikatoa umeme. Ukiigeuza kazi, ukaipa umeme gizani, nayo hutoa mwanga. Mwanga huo ni wa infraredi. Jicho haliuoni, lakini kamera maalumu huunasa. Palipo pazima hung'ara. Palipo na kasoro huwa peusi, kwani hapo nishati hupotea kuwa joto, au umeme hukimbilia penye uvujaji bila ya kuwasha chochote. Mwaka 2005 Takashi Fuyuki na wenzake wa Japani walitangaza matumizi ya picha hizo kwa seli za silikoni, na mwaka 2018 Tume ya Kimataifa ya Ufundi Umeme (IEC) ilitoa mwongozo wa upimaji huo.

Katika maabara, kama ile ya Chuo Kikuu cha Luxembourg, watafiti wamekwenda mbali zaidi. Huumulika utando kwa leza, wakauchambua mwanga unaorudi, na kwa njia hiyo huweza kubaini aina ya kasoro: kama ni atomu iliyokosekana mahali pake, au iliyokalia mahali pa nyingine. Kazi hiyo twaweza kuwaachia wao kwa sasa. Iliyo yetu ni nyepesi zaidi, nayo ni kupiga picha na kukikataa kibovu.

Visiwa vina sababu ya ziada. Hewa yetu imejaa chumvi na unyevu. Unyevu ukipenya kwenye kingo za paneli ya utando mwembamba, huziharibu tabaka zake kuanzia pembeni, na picha huonyesha weusi ukijongea kuelekea katikati. Ni kweli kwamba viwanda hujaribu paneli kwa saa 1,000 katika joto la sentigredi 85 na unyevu wa asilimia 85. Lakini jaribio la sampuli chache kiwandani si dhamana ya kila paneli iliyosafiri ndani ya kontena, ikapakiwa jahazini na kumalizia safari juu ya gari la ng'ombe.

Watakuwepo watakaosema kuwa hii ni anasa. Hatukubaliani nao. Panahitajika chumba chenye giza, chombo cha kutoa umeme kwa kipimo, kamera inayofaa, na vijana wachache waliofunzwa. Kwa paneli za silikoni, hata kamera ya kawaida ya dijitali, ikishaondolewa kichujio kinachozuia infraredi, huweza kuonyesha nyufa kubwa. Wala hatusemi kwamba kila doa jeusi ni sababu ya kukataa paneli. Mpimaji sharti ajue kutofautisha doa dogo na ugonjwa.

Hivyo basi tunatoa wito kwa Serikali. Kwanza, Taasisi ya Viwango Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar zishirikiane kuanzisha chumba cha upimaji, Unguja na Pemba. Pili, mkataba wowote wa kununua paneli kwa fedha za umma, ziwe za skuli, za vituo vya afya au za pampu za maji, useme wazi kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa kabla ya picha kupigwa. Tatu, picha hizo zihifadhiwe na zirudiwe baada ya miaka, ili tujue hewa yetu inazifanyia nini paneli hizi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa paneli hauonekani kwa macho, lakini gharama yake huonekana usiku ule ambao friji ya chanjo inazimika katika kituo cha afya kijijini. Tuutafute ufa huo mapema, ungali deni la muuzaji na si la mwananchi.